Jinsi Wachezaji wa Shule Wanavyopata Kuaminiana

Mchezo wa kuigiza unapoonyeshwa shuleni, watazamaji huona watu wachache tu jukwaani, wakisema na kutenda kana kwamba hapana wengine katika kazi ile. Kumbe nyuma ya pazia wamo wengi. Mmoja ameshika kitabu, wa pili ameshika kamba ya pazia, wa tatu anangoja na kanzu mkononi ili mwenziwe abadili mavazi upesi. Mmoja wao akikosa, hata yule aliye hodari kupita wote huaibika mbele ya watu. Kwa sababu hiyo mchezo haufanani na insha, ambayo mwanafunzi huiandika peke yake, akapata alama zake peke yake. Hufanana zaidi na kazi ya wapiga makasia, ambao wakiwa kila mtu na wakati wake, chombo huzunguka pale pale.

Aghalabu kundi la wachezaji likianza kazi huambiwa lipendane na lishirikiane. Maneno hayo ni mema, ila yamesemwa mara nyingi hata masikio yameyazoea. Tena kupendana si sharti la kwanza. Wanafunzi wawili waliogombana asubuhi kwa ajili ya kalamu huweza kucheza vizuri pamoja jioni, ikiwa kila mmoja ana hakika kwamba mwenziwe atasema neno lake kwa wakati wake, na atasimama mahali pake. Na marafiki wawili walio chanda na pete huweza kuuharibu mchezo mzima, kwa kuwa kila wakitazamana hucheka. Kuaminiana kwa wachezaji ni ujuzi, nao hupatikana kwa mazoezi, kama vile mtu anavyojifunza hesabu au kushona.

Jambo la kwanza katika ujuzi huo ni kusikiliza. Wachezaji wa London walilijua sana zamani za William Shakespeare, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Siku zile kunakili kitabu kizima kwa mkono kulikuwa kazi kubwa, na karatasi ilikuwa ghali. Basi mchezaji hakupewa kitabu. Alipewa ukanda mrefu wa karatasi, uliokunjwa kama mkeka, nao uliandikwa maneno yake mwenyewe tu. Maneno ya wenzake hayakuwamo, isipokuwa yale mawili matatu ya mwisho yanayotangulia zamu yake. Hayo ndiyo maneno ya kudakia: akiyasikia, hujua kwamba sasa ni wakati wake wa kunena. Ukanda mmoja wa namna hiyo umesalia hata leo. Ulikuwa wa Edward Alleyn, mchezaji mashuhuri, aliyecheza fungu la Orlando katika mchezo wa Robert Greene. Umehifadhiwa katika chuo cha Dulwich huko London.

Ifikirini hali ya mtu yule. Amesimama mbele ya umati mkubwa, na katika ukanda wake hapana habari ya muda ambao mwenziwe atanena, wala ya mambo atakayoyanena. Ana maneno mawili tu ya kungojea. Hawezi kuota ndoto za mchana wala kuhesabu watu waliokuja. Hana budi kusikiliza kila neno kama mtu anayesikiliza mlango usiku. Naye mwenziwe alikuwa na wajibu mkubwa vile vile. Akibadili maneno yake ya mwisho kwa kujifanya fundi, amemwondolea mwenziwe ngazi naye yu juu ya dari. Tena katika majumba yale mchezo ulibadilishwa karibu kila siku, na nafasi ya kujizoeza pamoja ilikuwa ndogo. Vijana waliocheza kama wanawake walikuwa wanagenzi, na aghalabu walikaa nyumbani mwa wachezaji wazima waliowafundisha. Kazi yote ilitegemea kwamba mtu ataleta neno alilopewa, si jingine.

Uaminifu wa namna ile haukuishia jukwaani. Shakespeare alipofariki mwaka 1616 aliwaachia watatu katika wenzake, Richard Burbage, John Heminges na Henry Condell, fedha za kununulia pete. Burbage alifariki mwaka 1619. Wale wawili waliosalia wakakusanya michezo ya rafiki yao, wakaipiga chapa katika kitabu kimoja mwaka 1623. Karibu nusu ya michezo iliyomo ilikuwa haijapigwa chapa kabla ya hapo, na kama wasingefanya kazi ile, huenda ingalipotea.

Wanafunzi huweza kujaribu jambo hili darasani bila gharama yo yote. Mwalimu huchagua mazungumzo mafupi ya watu wawili. Kila mmoja huandikiwa maneno yake peke yake katika kipande cha karatasi, pamoja na maneno mawili ya kudakia kabla ya kila zamu. Mara ya kwanza huwa ni vurugu: huyu anamkatiza mwenziwe, na yule amenyamaza kwa kuwa hakusikia. Mara ya tatu au ya nne macho yao hutoka katika karatasi, wakaanza kutazamana. Hapo mchezo ndipo unapoanza hasa. Kabla ya hapo ulikuwa kukariri tu.

Jambo la pili ni kutazama, na hapa hapana budi kutajwa mwalimu mmoja wa Marekani, Viola Spolin, aliyezaliwa katika mji wa Chicago mwaka 1906. Tangu mwaka 1924 hata mwaka 1927 alijifunza kwa Neva Boyd, ambaye aliwafundisha watu kwa njia ya michezo ya watoto. Mafunzo hayo yalifanyika katika Hull House, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1889 ili kuwasaidia wahamiaji na maskini wa mji ule. Baadaye, mwaka 1939, Viola Spolin akawa msimamizi wa michezo ya kuigiza katika mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi na burudani. Akakutana na watoto na watu wazima wa makabila mengi, waliotoka nchi mbalimbali za Ulaya na kwingineko, na desturi zao hazikuwa moja. Wangewezaje kucheza pamoja? Akaona kwamba maelezo marefu hayafai, kwa maana mtu akiambiwa, "Fanya hivi, simama vile," viungo vyake hukakamaa kama mti. Walakini akipewa mchezo wa kitoto wenye sharti moja la kufuata, hujisahau, na woga humtoka. Akatunga michezo mingi ya namna hiyo, na mwaka 1963 akaitoa katika kitabu, ambacho waalimu wa nchi nyingi wamekitumia.

Mmoja katika michezo hiyo ni mchezo wa kioo. Wanafunzi wawili husimama wakielekeana, wakiwa mbali kidogo kuliko urefu wa mkono. Mmoja ni mtu, wa pili ni kivuli chake katika kioo. Mtu huinua mkono polepole, na kioo huinua mkono wa upande ule ule. Mtu huinama, kioo huinama. Hapana kusema wala kugusana. Baada ya muda mwalimu husema, "Badilini," na yule aliyekuwa kioo huwa mtu.

Mchezo huu ni mwepesi kwa kuusikia, bali mambo mengi hudhihirika ndani yake. Mwanafunzi mwenye kiburi, akiwa mtu, hufanya upesi ili mwenziwe ashindwe, na watazamaji wacheke. Mara huonekana wazi kwamba wote wawili wameshindwa, kwa sababu kioo kisichofuata si kioo, na mtu asiye na kioo ni mtu anayerusha mikono ovyo. Basi hujifunza kwenda kwa mwendo ambao mwenziwe anauweza. Mwanafunzi mwoga naye, akipata zamu ya kuongoza, huona mtu mzima mzima akimfuata kwa makini, labda ni kiranja wa bweni lake, ambaye siku nyingine hamfuati mtu. Kisha mwalimu huita, "Badilini! Badilini!" upesi upesi, hata mwisho mtazamaji hawezi kutambua ni nani aongozaye na ni nani afuataye, na wao wenyewe hawajui. Viola Spolin alitaka wafike hapo, kila mmoja akimfuata mwenziwe anayemfuata yeye.

Wako waalimu wanaopenda zoezi jingine, ambalo mwanafunzi hujiangusha kinyumenyume ili wenzake wamdake. Zoezi hilo hupendeza macho, lakini faida yake ni ndogo na hatari yake si ndogo. Mtu hudakwa mara moja akashangiliwa, na kesho yake yule yule aliyemdaka akachelewa mazoezini nusu saa. Ni afadhali kufika saa iliyowekwa siku ishirini kuliko kumdaka mwenzio siku moja.

Jambo la tatu ni mwili wa mwenzio, maana michezo mingi ina vita ndani yake. Mchezo wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na kuutoa mwaka 1963, huchezwa na wanafunzi, nao wote hungojea kwa hamu mahali pale Caesar anapouawa barazani. Casca hupiga kwanza, kisha wengine, na Brutus hupiga mwisho. Vijana sita au saba wenye majambia ya mti humzunguka mwenzao mmoja. Jambia la mti halikati nyama, bali laweza kutoboa jicho au kuvunja jino, na jino la mtu mzima halioti tena. Ikiwa kuna mahali ambapo kuaminiana si maneno matupu, ni hapa.

Mafundi wa vita vya jukwaani wana kanuni ambayo huwashangaza watu wanapoisikia mara ya kwanza. Anayeonekana kupigwa ndiye anayeongoza. Casca hapigi mpaka amtazame Caesar machoni, na Caesar amwonyeshe kwa macho kwamba yu tayari. Ndipo Casca hupeleka mkono, wala haupeleki mwilini, bali kando, upande ambao watazamaji hawauoni vema. Caesar hujikunja na kupiga kelele kana kwamba jambia limeingia. Maumivu yote ni kazi ya yule anayepigwa. Mpigaji hufanya kidogo sana. Akipigwa teke, yeye ndiye anayeruka. Akivutwa nywele, yeye ndiye anayeushika mkono wa mvutaji na kuukaza kichwani pake, hata nywele zisivutwe kabisa. Hivyo Caesar, ambaye katika hadithi hana habari ya hila za wauaji wake, jukwaani ndiye anayewaongoza mmoja mmoja.

Vita hivyo hujifunzwa polepole mno, kama watu wanaotembea ndani ya maji, na kwa hesabu: moja, Casca, mbili, yule wa kushoto, tatu, yule wa nyuma. Mwendo huongezwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Usiku wa kuonyesha, damu ya wachezaji huchemka, watazamaji hupiga makelele, na kila mtu hutamani kupiga kwa nguvu kuliko alivyozoea. Atakayejizuia wakati ule ndiye mchezaji wa kuaminiwa. Na kijana asiyeweza kujizuia mazoezini hapewi jambia, hata akiwa na sauti nzuri kuliko wote. Hapa mwalimu hana budi kuwa mgumu.

Kuna jeraha jingine lisilotoka damu. Mazoezi ni mahali pa kukosea. Mtu hujaribu sauti ya mzee, ikatoka kama ya mbuzi. Hujaribu kulia, akaonekana anapiga chafya. Asipojaribu hatapata kamwe. Basi ikiwa makosa yale yatachukuliwa nje, yakawa mzaha uwanjani na bwenini, kundi limekwisha kuvunjika hata kama halijui. Mathalani kijana ambaye sauti yake inabadilika kuwa ya kiume hupasuka sauti katikati ya maneno ya mfalme. Wenzake wakimwita Jogoo wiki nzima, siku ya Jumamosi atacheza kwa sauti ndogo, yenye hadhari, isiyofika hata mstari wa pili wa watazamaji. Watu watasema hana kipaji. Kumbe kipaji alikuwa nacho, wenzake wakamnyang'anya. Kwa hiyo makundi mengi huweka sharti tangu siku ya kwanza: yaliyokosewa mazoezini hayatoki mlangoni, na mwanafunzi hamkosoi mwenziwe, ila mwalimu peke yake. Sharti la pili huonekana kali, lakini lina maana. Mtu akisahihishwa na watu kumi kwa wakati mmoja hamsikii hata mmoja.

Na usiku wa kuonyesha, mtu akisahau maneno? Jambo hili huwapata hata wachezaji wa kazi. Kwanza yuko mkumbushaji, yule aliyeketi pembeni na kitabu. Kazi yake hudharauliwa, nayo ni ngumu. Hana budi kujua kwamba huyu amenyamaza kwa sababu mchezo unataka anyamaze, na huyu amenyamaza kwa sababu kichwa chake kimekuwa kitupu. Akikumbusha mapema huharibu. Akichelewa huharibu zaidi. Hawezi kujua tofauti hiyo kama hakuhudhuria mazoezi yote, kwa hiyo si vizuri kumtafuta mkumbushaji siku ya mwisho miongoni mwa waliokosa kazi nyingine. Pili, wenzake jukwaani huweza kumwokoa. Tuseme mjumbe ameingia mbele ya mfalme na maneno yamemtoka. Mfalme akimkodolea macho, wote wawili wamezama. Bali akiuliza, "Je, wewe ndiwe uliyetumwa na ndugu yangu? Amesemaje juu ya ng'ombe?" mjumbe hupata kamba ya kushika, na watazamaji hawajui neno. Ili aweze kufanya hivyo, mfalme lazima ajue habari aliyokuja nayo mjumbe, si maneno yake ya kifalme tu. Wanafunzi wengi husoma fungu lao na kuyaruka ya wengine. Hao hawawezi kumwokoa mtu.

Ugomvi mkubwa katika makundi ya shule hutokea siku ya kugawa mafungu. Kila mtu ataka kuwa mfalme, wala hapana atakaye kuwa askari wa pili, ambaye husema "Ndiyo, bwana" mara moja na kuondoka. Dawa moja iliyoonekana kufaa ni kubadilishana mazoezini. Siku moja katika wiki askari husoma maneno ya mfalme, na mfalme husimama mlangoni na mkuki kwa nusu saa bila kutikisika. Mfalme akirudi katika fungu lake huwa na heshima zaidi kwa miguu ya askari. Desturi hiyo ina faida nyingine, kwa maana mfalme akishikwa na homa siku ya kuonyesha, yuko mtu anayeyajua maneno yake.

Makundi yanayosafiri hujifunza hayo upesi kuliko mengine. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, Uganda, walianza safari za kuonyesha michezo mijini na vijijini, wakicheza kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa lugha nyingine. Kundi la namna hiyo likifika mahali papya halikuti jukwaa lililotengenezwa. Leo ni ukumbi, kesho ni uwanja wa mpira, na watazamaji wengine hawajaona mchezo wa namna ile. Anayecheza mfalme saa kumi huwa amebeba mbao saa nane, na anayejua lugha ya mahali pale huwa mwalimu wa wenzake siku ile, ingawa jana alikuwa wa mwisho. Hapana nafasi ya kuchagua kazi ya heshima.

Shule isiyosafiri huweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kuwapa wachezaji wote kazi za nyuma ya pazia. Kila mmoja huwa na kitu chake cha kutunza: huyu taa, huyu taji, huyu viti viwili na meza. Kitu kikikosekana, hujulikana ni cha nani, wala hapana haja ya kupiga kelele. Kabla ya pazia kufunguliwa, kila mtu hutazama vitu vyake, kisha hutazama vya yule aliye jirani yake. Mtu mwenye haraka hawezi kuona kosa lake mwenyewe, hali mwenziwe huliona mara moja: kilemba kimelegea, kifungo kimesahauliwa, jambia la Brutus limeachwa mezani.

Mchezo ukiisha, wachezaji hutoka mbele pamoja kupokea makofi, na mkumbushaji na mshika kamba huitwa nao watoke, wakiwa na mavazi yao ya kila siku. Watazamaji wakiondoka, majambia huhesabiwa na kutiwa sandukuni, mavazi yaliyoazimwa hukunjwa ili yarudishwe asubuhi kwa wenyewe, na viti hurejeshwa madarasani. Caesar mara nyingi huwa mmoja wa wanaobeba viti.